Kiti cha Marinda

Mafundi wenzake walimwita Viraka, na jina hilo halikumkera hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuvalisha makochi. Mtu analeta sofa lililochoka, sponji imelala, springi zimetoa vichwa nje, naye analivua nguo zote hadi mbao, analikaza misumari, analijaza upya na kulishonea vazi jingine. Mwenye sofa huondoka akichekelea. Viraka hubaki na mabaki: kipande cha velveti hapa, ukanda wa jinzi pale, pembe ya turubai isiyotosha hata kufunika mto. Mafundi wengine mabaki ya namna hiyo huyafutia mikono. Yeye aliyatia mfukoni akaenda nayo nyumbani, jioni baada ya jioni, mpaka majirani wakawa na hakika kwamba ana mke anayeshona magodoro.

Mke hakuwa naye. Alikuwa na shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea, tangu wazazi wake walipofariki naye hajui hata kufunga vifungo vyake. Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtoto wa kaka yake alikulia chini ya cherehani, akaokota pini kabla ya kuokota herufi. Alipomfundisha kazi hakumsifia kwa mdomo. Alipitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kidole kikifika mwisho bila kusimama, umefaulu. Kikisimama, unafumua. Viraka alifumua sana utotoni, na ndiyo maana ukubwani watu walimtafuta.

Sasa Shangazi amezeeka, naye Viraka amempa nafasi ya heshima katika makazi yake: gorofa ya tatu, vyumba viwili, sebule, na jiko ambalo mtu mnene angelazimika kuchagua kati ya kuingia na kugeuka. Samani za dukani hakuzimudu, na wala hakuzionea wivu. Aliijaza nyumba kwa vitu vilivyokataliwa na wenyewe. Meza ilikuwa mlango wa kabati la nguo, na tundu la ufunguo lilikuwa bado lipo. Wageni waliingiza kidole humo bila kujua kwa nini. Mapazia aliyaunganisha kutoka kwenye vitabu vya sampuli ambavyo wauza vitambaa hutupa mwaka ukiisha. Ukuta mmoja ulikuwa wa kijani, mwingine wa manjano, kwa kuwa ndivyo makopo ya rangi yalivyoishia.

Na viti, jamani. Hapakuwa na viti viwili vya ukoo mmoja. Karibu na mlango palikuwa na kiti cha mikono kilichovalishwa turubai la hema. Kilichofuata ni sofa la watu wawili, la jinzi, mishono yake minene kama kamba. Dirishani kulikuwa na kiti cha velveti ya zambarau iliyotoka kwenye pazia la sinema iliyofungwa. Penye mlango wa jikoni kulikuwa na kiti kifupi, cha kitambaa cha buluu iliyopauka, chenye marinda yaliyosimama kama matuta ya shamba. Hata chini hapakutulia: vipande vya mazulia, kimoja kigumu cha ofisini, kimoja chenye manyoya, na kimoja cha makamba kilichokwenda moja kwa moja hadi bafuni.

Kama pangekuwa na mashindano ya nyumba zisizojua zinataka nini, hii ingerudi na kombe. Lakini ukikaa kidogo, chai ikaanza kupoa, ulianza kuona kwamba vitu havikutupwa tu. Zambarau ya kile kiti ilikuwa na nduguye kwenye pazia. Manjano ya ukutani ilichungulia tena kwenye mto wa sofa. Viraka hakuweka kitu mahali kabla ya kukizungusha chumba kizima, akikisimamisha hapa na pale, akirudi nyuma na kufinya jicho moja, huku Shangazi akimwambia kutoka kitini kwake kwamba hata bibi harusi hapambwi hivyo.

Kila asubuhi Shangazi akitoka chumbani alipita akiviwekea mkono viti vyake, kimoja kimoja, kama anayesalimia wajukuu. Viraka alimwona na kufurahi. Alidhani mwalimu wake bado anakagua mishono.

Shangazi alikuwa na binti mmoja wa kumzaa, aliyemzidi Viraka umri, naye Viraka alimwita Dada. Watu wa jengo lile walimwita Meneja, kwa sababu alikuwa msimamizi wa vyumba kwenye hoteli kubwa. Vyumba vyote vya hoteli ile vilifanana kama mayai ya trei moja, na ole wake mtandika kitanda atakayeacha mto umeegama. Alikuja kumwona mama yake mara moja kwa mwezi, siku yake ya mapumziko, mikono imejaa. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo mapema. Alimpenda mama yake, na alikuwa na haki ya kumtaka. Tatizo lake lilikuwa kwamba akifika pale sebuleni kichwa kilianza kumgonga.

Kwa muda mrefu alimwomba mama yake ahamie kwake, nyumba ya chini isiyo na ngazi, sakafu nyeupe, makochi ya seti moja. Shangazi hakukataa wala hakukubali. Alisema tutaona, akauliza habari za kazini, akasifu viatu vya binti yake. Meneja hakuelewa. Viraka naye hakuelewa, ila hakutaka kuuliza, maana ukiambiwa jibu huwezi tena kulirudisha.

Mwezi mmoja Meneja alikalia kile kiti cha marinda, akainuka upesi na kujipangusa. Akasema humu ndani hata matambara yamepewa miguu. Shangazi alikuwa akikunja kanga yake. Mikono ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Wakati wa kuondoka Meneja alimvuta Viraka hadi kwenye ngazi.

"Mdogo wangu, sikudharau," alisema. "Lakini Mama atajikwaa humo siku moja, na mimi sitajisamehe. Nikirudi nikakuta bado ni ghala, naondoka naye."

Viraka aliitikia ndiyo Dada, akarudi ndani, akakaa. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa na maneno mengi. Aliwaza jioni atakapofungua mlango na kukuta redio imezimwa, kikohozi hakipo, na hakuna wa kumwambia kwamba amechelewa. Alishampoteza mama mara moja, akiwa mdogo asiyejua anapoteza nini. Safari hii angejua.

Kule karakana palikuwa na jora la kitambaa rangi ya mchanga. Ofisi moja ililiagiza, ikabadili mawazo, na lilikaa pembeni likizoa vumbi. Tajiri yake alimpa kwa bei ya kuondoa uchafu. Hapo ndipo fundi alipokosea, na kosa lenyewe lisingeweza kufanywa na mtu mwingine ila fundi: aliamini kwamba kitambaa ni kitu cha macho.

Alishona kava za viti vyote, akazificha karakana. Wenzake walimtania kwamba Viraka ameokoka. Alinunua pia zulia moja jepesi, la rangi ileile, la kufunika sebule nzima na ujia wa kwenda bafuni. Kisha akaenda kwa msusi wa gorofa ya chini, jirani yao mwema mwenye vidole vyepesi na mdomo mzito, akamwomba amwalike Shangazi siku Meneja atakapokuja, amsuke kwa starehe, wala asiharakishe. Msusi aliuliza kama kuna posa. Viraka akamwambia kuna zaidi ya posa.

Siku ikafika. Msusi alipanda, akamshika Shangazi mkono kama alivyozoea kwenye ngazi, wakashuka wakicheka. Viraka akafanya kazi. Turubai likavishwa mchanga, jinzi ikavishwa mchanga, velveti, marinda, vyote. Kava ya kile kiti kifupi aliivuta na kuikaza sana ili matuta yasionekane. Mazulia ya zamani akayakunja na kuyasukuma chini ya kitanda chake, akatandika jipya. Viti akavipanga kwa mraba, kila kimoja kikitazamana na mwenzake, kama alivyoona kwenye kumbi za wageni. Mapazia ya sampuli yakashuka, yakapanda mapya ya kitambaa kilekile cha mchanga.

Alipomaliza alisimama mlangoni akatazama. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kama chumba cha kusubiri daktari wa meno. Moyoni kitu kilimwambia hapana, lakini wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, naye hakuwa na muda wa kubishana na wahenga. Mlango uligongwa.

Meneja aliingia, akasimama katikati, akazunguka pole pole. Viraka aliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe unaweza," akasema.

Alikaa kwenye sofa, akapitisha kiganja juu ya kava, akasifu kona zilivyonyooka. Alisema hoteli yao ingeweza kumpa kazi. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kama hali itakuwa hivi, basi lile jambo la kuhama lisiharakishwe, Mama anampenda mtoto wa kaka yake na yeye analiona hilo. Viraka alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaenda kubandika chai asije akafanya vyote viwili.

Akiwa jikoni alisikia sauti ya msusi kwenye ngazi, na hatua za Shangazi. Msusi alimfikisha mlangoni, akaaga, akashuka. Shangazi akaingia peke yake, kichwa kimesukwa vizuri, akinukia mafuta.

Alinyoosha mkono upande wa kiti cha turubai. Hakikuwa pale, kilikuwa kimesogezwa kwenye mraba. Alikwenda mbele kidogo, mkono ukagusa kiti, ukateleza juu yake, ukarudi, ukateleza tena. Akasogea kwenye kingine. Kiganja kilizunguka mgongo wa kiti, kikashuka mkononi, kikapanda. Mguu wake ulipapasa chini, kulia, kushoto. Kisha akasimama katikati ya sebule, mikono imeinuliwa kidogo mbele ya kifua, uso umeelekea ukutani ambako hakukuwa na mtu.

"Mwanangu msusi," akasema kwa adabu, "umenileta nyumba ya nani?"

Viraka alikuwa mlangoni mwa jiko, sufuria mkononi. Meneja aliinuka bila sauti, akamsogelea mama yake, akapeperusha kiganja mbele ya macho yake. Macho hayakupepesa. Alipeperusha tena, kisha mkono wake ukaanguka, akaita, "Mama," kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu akiwa mtoto.

Shangazi akamjua. Akatafuta mkono wake, akaushika.

Wakamkalisha, na hapo ikabidi aseme. Kliniki walimwambia ni presha ya macho. Alitia dawa kwa muda, kisha akaacha, akawadanganya kwamba amepona. Jicho la kushoto lilishafunga zamani. La kulia linajua dirisha liko wapi, basi. Uzi wa sindano alimpa Viraka atunge, akisema kijana utumie macho yako. Habari alizisikia redioni. Na nyumba ile aliisoma kwa viganja na nyayo: turubai ni mlangoni, jinzi ni katikati, velveti ni dirishani penye jua, zulia gumu ni chumbani kwake, makamba ni bafuni. Hakupotea hata mara moja. Alikuwa hata anachuja chai mwenyewe.

Viraka alizitazama kona zake zilizonyooka, akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Yeye aliyefundishwa kusoma mshono kwa kidole alikuwa ameishi na mwalimu wake asione kwamba kidole ndicho kilichobaki.

"Kwa nini hukutuambia?" Meneja aliuliza.

"Ningesema, ungenichukua," Shangazi alijibu. "Na kwako mimi sipajui. Wiki ile ulipoumwa nikaja kukuuguza, nililala na kiu. Kila nilipoweka mkono palikuwa laini, kila mahali pamoja. Sikujua jiko liko upande gani, na niliona haya kukuamsha mgonjwa nikakuuliza."

Meneja alilia waziwazi. Lakini hata machozi hayakumzuia kuwa msimamizi: alijifuta, akasema basi ndiyo imekwisha, kama haoni hawezi kukaa juu ya ngazi nyingi hivi na mwanamume anayeshinda kazini. Kesho anaondoka naye. Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Viraka, maana ukali unaweza kubishana nao.

Shangazi aligeuza kichwa upande wa jiko, akauliza, "Kiti cha marinda kiko wapi?"

Viraka aliweka sufuria chini. Alianza na kile kiti kifupi, akakata kamba, akaivua kava kama mchuna ngozi mwenye haraka, kisha akavua turubai, jinzi, velveti. Alimwomba Dada ainuke akavua na pale alipokuwa ameketi. Alikunja zulia jipya huku wao wawili wamesimama pembeni, akavuta yale ya zamani kutoka chini ya kitanda, akayarudisha kila moja pake, na viti pale vilipokuwa. Mapazia aliyaacha, ya macho yangeweza kusubiri. Sebule ikarudi kuwa kelele tupu.

"Tayari, Shangazi," akasema.

Shangazi akapiga hatua. Mguu ulipata zulia lenye manyoya, na mgongo wake ukanyooka. Mkono ukagusa jinzi, ukaiacha, ukagusa velveti, ukakaa hapo kidogo. Akageuka, akaenda jikoni bila kugusa ukuta. Walimsikia akitoa vikombe. Meneja alitaka kumfuata. Viraka akatikisa kichwa. Shangazi alirudi na sinia, akaliweka juu ya meza, kidole chake kikiwa kimetangulia kwenye tundu la ufunguo ili ajue alipofikia. Vikombe havikumwaga kitu. Kisha akarudi kwenye mlango wa jiko na kuketi kwenye kiti chake, viganja vikiwa ubavuni, juu ya marinda.

Meneja akamtazama. Akakitazama kiti.

"Mama, kwa nini hicho? Viti vizuri vyote hivi."

"Hiki ni sketi yako," Shangazi alisema. "Ya mwaka wako wa mwisho shuleni. Niliishona mimi, marinda haya nilihesabu mwenyewe. Siku za mtihani nilikuwa nakutilia peremende mfukoni. Ulipoikataa nikaitunza, nikamwambia huyu anivalishie kiti. Wewe unakuja mara moja kwa mwezi, mwanangu. Siku zilizobaki nakaa nawe hapa."

Chai ilipoa yote.

Hawakuondoka kesho yake. Wala hakuna aliyetoa hukumu. Mambo ya ndugu hayaamuliwi kwa nyundo. Meneja alisema tu kwamba kliniki atampeleka yeye, na kwamba safari hii dawa itatiwa, lile dirisha linaloonekana lisije likafungwa nalo. Shangazi akakubali bila kusema tutaona. Msusi alipewa ufunguo wa akiba, apande mchana kuchungulia. Kava za mchanga zikaenda saluni kwake, isipokuwa moja, ambayo Shangazi aliomba kivalishwe kiti kimoja chenye mguu mbovu: akigusa kitu kisicho na habari yoyote, ajue si pa kukalia.

Mwezi uliofuata Meneja alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na gauni la kazi, la kitambaa kigumu, la siku zile alipokuwa bado mtandika vitanda. Alikuwa amelificha kabatini miaka yote. Alimpa Viraka akiangalia pembeni, akamwomba alitafutie mahali. Viraka alilizungusha chumba kizima, akafinya jicho, mwisho akauvalisha nalo mkono wa kile kiti cha dirishani. Gauni lilikuwa na mfuko mbele. Meneja akasema mfuko usiutoe.

Shangazi alipopita kusalimia wajukuu zake, mkono wake ulisimama. "Huyu mgeni ni nani?" akauliza, na hakungoja jibu, kidole kilishapita juu ya mfuko, mwanzo hadi mwisho. Tangu hapo jioni husikiliza redio dirishani, mkono mmoja umezama mfukoni mwa binti yake.

Na kila Meneja akishaondoka, Viraka akiwa jikoni anaosha vikombe, husikia karatasi ya peremende ikifunguliwa, pole pole, kama mtu asiyetaka kugawana.